Meza ya Mtu Mmoja

Kwenye meli ndogo ya kitalii inayoambaa ufukweni kutoka Kigoma kwenda kusini, anayesafiri peke yake huandaliwa meza ya mtu mmoja. Juzi mama mmoja wa Gungu, mwalimu mstaafu aliyelipiwa safari na wanawe, aliletewa mgebuka wa kuchoma. Akanawa, akageuka huku na huku.

"Karibuni jamani."

Wazungu wakatabasamu, wakarudi kwenye kamera zao. Mama akamgeukia dada aliyekuwa akihudumu.

"Karibu, mwanangu."

"Asante, mama. Sisi haturuhusiwi kukaa na wageni."

"Basi simama hapo hapo. Sijazoea kula kama mgonjwa."

Dada akasimama, sinia kifuani, mpaka mama akamaliza upande mmoja wa samaki. Dada alipoitwa meza nyingine, mama akaisogeza sahani mbali, akabaki anatazama milima.

Siku hizi kuachwa peke yako ni anasa, na watu wanailipia. Ningewacheka, lakini meza ya jirani nilikuwa nimekaa mimi, peke yangu, na mgebuka wangu. Ile karibu ya mama niliisikia vizuri. Nikajifanya nasoma menyu.