Tulikwenda Lisbon wawili, bahari tukaiona kwenye dirisha la ndege

Wakuu, kwema huko mliko?

Nina mkasa wangu mdogo. Hauna mauaji wala majini, mkitaka hayo nyuzi zake zipo.

Huu ni wa kweli. Shahidi wangu yuko jikoni hapa Walthamstow anakaanga bajia, na mimi nikiandika huwa natamka kwa sauti, kwa hiyo nikiongeza chumvi nitasahihishwa papo hapo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Nipo London tangu miaka ya tisini na mpaka leo kwenda Ilford, hapo jirani tu, kwangu ni safari, nabeba na maji. Elimu yangu form four ya Unguja, jiografia ilinipita pembeni.

Mke wangu Rahma ni kinyume. Akiona picha ya mji wowote, swali la kwanza ni nauli.

Enzi hizo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nyumba yetu ilikuwa na mimi, Rahma, binti yetu Salma, mama yangu mzazi na wadogo zangu wawili. Tangu tuoane hatukuwahi kukaa peke yetu hata kwa kikombe cha chai. Tukitaka kugombana tunakwenda park.

(Msicheke. Kuna benchi kule linajua siri zetu zote.)

Basi Rahma akaona tangazo la tiketi rahisi za ndege. Lisbon, kule Ureno, weekend moja.

Hakutaka makubwa. Alitaka tupande vile vilima vya kwenye picha kwa miguu, tupite chini ya zile nguo walizoanika madirishani, tushuke mpaka baharini tutie miguu. Mimi na yeye tu. Akanunua hadi raba nyeupe pale sokoni kwetu, za kupandia vilima.

Kosa likaanzia hapa: nikaenda kumuaga mama.

Wazanzibari wenzangu mnajua. Ukimuaga mzee, atataka kujua unakwenda wapi. Nami nikautaja mji kwa jina lake. Ningesema "Ulaya huko" tu, uzi huu usingekuwepo.

Mama akaweka kikombe chini. "Lisbon si ndiko aliko Zuwena, yule binti wa jirani yetu Mkunazini? Mwende mji wa mtu, mrudi hamjamuamkia?"

Siku hiyo hiyo akampigia simu. Jioni mzigo ukatoka chini ya kitanda: halua ya Wete, doti mbili za kanga, na udi. Inaonekana ulikuwa unamngoja mjinga wa kuubeba.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Tufike, tukabidhi, tunywe maji, tuage.

Wakuu, kutoka tu kwenye mlango wa airport, Bi Zuwena huyu hapa. Mwanamke wa makamo, buibui lake, na pembeni mumewe, mtu wa Msumbiji mwenye Kiswahili cha kuokotaokota.

Rahma akamwambia shikamoo. Yule mama akamkumbatia akaanza kulia. Alisema ana miaka hajaamkiwa na mtu mzima kwa Kiswahili, wanawe wote wanamjibu kwa Kireno.

Mimi na akili zangu nikataja hoteli tuliyobook.

Akanitazama kama nimemtukania ukoo. "Nyumba ninayo, nyie mkalale hoteli? Mama yako nitamwambia nini?"

Tukaenda kwake, flat ya ghorofani, nje kabisa ya mji. Tukavua viatu mlangoni. Zile raba nyeupe zikakaa pale zimepangwa vizuri, na ndiyo ilikuwa ziara yao ya Lisbon.

Jumamosi ikaenda na biriani, albamu za picha, na video ya harusi ya mdogo wake. Kisha akaanza kuuliza habari za Mkunazini nyumba kwa nyumba, nani yupo, nani katangulia, nani kamuoa nani. Nilipogusia matembezi, akacheka.

"Mji haukimbii," akasema. "Mnaokimbia ni nyie."

Methali inasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa na siku mbili tu, kwa hiyo hata jembe hatukulifikia. Lingetusaidia kutoka nje.

Jumapili wakaja majirani kutuona. Mimi nikacheza karata na mume, nimejinyoosha kwenye zulia kama niko kwetu. Rahma yuko jikoni, kicheko chake nakisikia.

Baada ya chakula, muda ulikuwa umebaki wa kutosha kabla ya ndege. Yule mume akaniuliza kama atupitishe baharini na gari, mara moja.

Nikamwita Rahma. Akaja, na nyuma yake Bi Zuwena na sinia la mkate wa ufuta, bado unatoa moshi.

"Tupitishwe baharini, unasemaje, Mama Salma?"

"Upendavyo wewe."

"Mimi popote sawa."

"Basi tukae."

Tukakaa.

Kwenye ndege Rahma alikuwa dirishani. Ndege ikageuka na bahari ikajitandaza chini yetu, buluu mpaka inauma macho.

"Ile pale," akasema.

Baadaye akaniuliza kama nilifurahi. Nikamwambia ukweli, kwamba siku zote mbili nilikuwa namngojea yeye aseme twende, ila nilimsikia anacheka nikaona nisimkatize.

Akageuka taratibu. "Mimi nilikuwa nakungojea wewe. Nilikuona umenyoosha miguu, nikasema leo mume wangu kapumzika, nisimsumbue."



Simlaumu Bi Zuwena. Kila Idi alipiga simu kutushukuru mpaka Mungu alipomchukua, na kila simu alisema siku zile mbili alikuwa Unguja. Ndilo linalonichanganya. Zilikuwa siku nzuri sana, ila hazikuwa zetu.

"Tutarudi inshallah," tulisema. Mama akaugua, Rahma akamuuguza mpaka mwisho. Wadogo zangu wakaoa wakahama. Rahma akaanza kazi care home, nyumba ya kutunzia wazee, miaka ya kuwanyanyua vitandani, magoti yakaisha.

Sasa nyumba kimya. Tuko wawili kila siku, chai mpaka inapoa.

Juzi Salma akasema anatulipia Lisbon. Rahma akacheka, akamuonesha magoti.

"Mum, you can just sit by the sea," Salma akamwambia.

"Kukaa nilikaa," Rahma akajibu. "Bahari ile nilitaka kuifuata kwa miguu."

Akarudi jikoni. Nikaenda kuzitafuta zile raba. Zipo, kwenye boksi lake, soli nyeupe pe.

Somo langu, wakuu: staha ni nzuri kwa wageni na wazee, lakini wewe na mwenzio mkianza kuoneana haya, mtakufa na hamu zenu kila mtu kivyake. Sema "twende". Akikataa, kataliwa.

Sasa naomba msaada wenu. Nautafuta mji wa pwani, tambarare, usio na kilima hata kimoja, na usio na Mzanzibari hata mmoja. Anayeujua auandike hapa chini.

Safari hii simuagi mtu.