Laini ya Dar Iliyokufa Dakika ya Tatu

Kila tukiunganisha, dakika ya tatu laini inakufa. Si ya pili, si ya nne.

Siku kumi na moja mfululizo, jamani.

Ilikuwa 1973, Morogoro, mimi ndiye injinia kiongozi. Dar kulikuwa na kompyuta kubwa, inajaza chumba kizima. Tulitakiwa kuongea nayo kwa waya wa simu, takwimu za mazao zifike siku hiyohiyo.

Mashine yetu inapiga miluzi, karatasi inaanza kutoka, halafu kimya.

Fundi wangu Alois, Mluguru wa Mgeta, akasema, "Ndugu injinia, ni ukungu. Nguzo zimelowa."

Tukazifuata ubavuni mwa Uluguru, nguzo kwa nguzo, matope magotini. Tukabadilisha vikombe vyote, vile vya kauri vinavyoshika waya juu ya nguzo. Wapi!

Barua ikaja: wajumbe wanafika Ijumaa, ikishindikana mradi unafungwa.

Nyumbani mke wangu Juliana akaniuliza nimekuwaje. "Kazi tu, mama Eva." Niliambiwa ni siri ya serikali, nami nikaitunza kuliko walioitunga.

Ijumaa wajumbe wakasimama nyuma yangu. Dakika ya kwanza safi. Ya pili safi. Nikatabasamu, mjinga mimi.

Ya tatu, kimya.

Mjumbe mmoja akavaa kofia. "Umejitahidi, ndugu." Hapo ndipo nilipokwisha.

Jioni nikamkuta Juliana anavua viatu. Alikuwa opereta wa mitambo ya simu mjini. Simu zote za Dar zilipita mikononi mwake.

"Baba Eva, watu hawana haya," akasema. "Kuna mtu kila siku anaomba Dar halafu anaacha simu wazi. Dakika tatu zikiisha nasikiliza kama wamemaliza, ndivyo tulivyofundishwa. Hakuna mtu, miluzi tu. Nachomoa, wenye wagonjwa wapate nafasi. Hata leo nimechomoa."

Nikakaa chini.

Mkuu wa mitambo ya simu nilimwambia kuhusu majaribio yetu. Wakurugenzi niliwaambia. Opereta? Opereta ni nani bwana!

Jumatatu nikapiga simu Dar kujieleza. Wakasema faili limefungwa. Nikahamishiwa Turiani kukagua nguzo, nikastaafia hukohuko.

Juliana sikumwambia. Kila mwaka nilitaka, kila mwaka nikaogopa. Tumemzika Mei.

Wadogo zangu, mkipewa kazi kubwa, kabla ya wakubwa mwelezeni anayeshika waya. Mimi nililala naye kitanda kimoja.