Sura Mpya ya Ninja Kwenye Choo cha Wakwe

Msinicheke kabla sijamaliza. Nikimaliza chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka nilivyoaibika kule Nkoma huwa nacheka kwanza, halafu moyo unaniuma.

Miaka ile magazeti ya watu binafsi ndiyo yalikuwa yameanza kumiminika, na Bariadi tulikuwa tunaletewa moja la hadithi za picha kwa basi la Mwanza. Humo mlikuwa na ninja mmoja ambaye hadithi yake haikuwa na mwisho (nilianza kumsoma sina ndevu, ndevu zikaota, yeye bado anapigana). Sura iliyotangulia walikuwa wamemwacha juu ya paa, maadui wamemzunguka. Sasa siku ninayokwenda Nkoma kujitambulisha kwa kina Kabula, binti niliyempenda kweli kweli, tukapita stendi na baba mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu, nikaiona sura mpya inaning'inia kwa muuza magazeti. Nikainunua, nikaichomeka kiunoni ndani ya shati, nikajiambia nitaisoma tukirudi.

Tulipokelewa vizuri. Nikaamkia "Mwadila, baba", nikaitikiwa, tukapewa viti, na wazee wakaanza habari za ng'ombe, za mvua, na za wanunuzi wapya wa pamba wanaokuja kila mmoja na mizani yake, na mimi kijana nisiyetakiwa kuchangia neno nikawa nahisi lile gazeti linanikwaruza tumbo. Nikaomba kwenda msalani. Kurasa mbili tu, halafu narudi.

Choo chao kilikuwa nyuma ya nyumba, cha fito na nyasi, hakina paa. Nikasoma mbili, nikaongeza mbili, kisha nikachungulia, nikamwona mama yake Kabula ameketi njiani kabisa na ungo wake, anachambua pamba, anatenganisha safi na fifi, ile yenye madoa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso, ndiyo heshima yenyewe, sembuse kukutana naye ukitoka chooni. Nikasema ngoja amalize, na mimi nimalizie kurasa zilizobaki. Nikazimaliza, yeye bado. Nikasikia baba mdogo ananiita, kisha baba yake Kabula akauliza, "Mgeni wetu anaumwa?" Badala ya kuitikia nikautazama ukuta wa nyuma, nikakumbuka ninja alivyoruka kutoka kwenye lile paa, nikaona hata mimi naweza kuruka, nikazunguka, nikatokea upande wa zizi kama mtu aliyekwenda kutazama ng'ombe.

Nikapanda. Fito zikakatika, ukuta ukalala na mimi juu yake, ukauvuta na wa mbele, na vumbi lilipotulia hakukuwa na choo tena, nilikuwepo mimi, suruali imechanika, na mama mkwe amejifunika kanga uso mzima. Gazeti lilikuwa limeangukia kwenye pamba yake. Baba yake Kabula alikuja, akaliokota, akafunua kurasa taratibu moja baada ya nyingine, kisha akamwambia baba mdogo kwa upole, "Mzee mwenzangu, huyu mrudisheni nyumbani akue kwanza."

Kesho yake nilirudi na fito nikawajengea choo, lakini jibu halikubadilika. Kabula nilikutana naye baadaye mnadani, akaniambia, "Ungekohoa tu. Mama angejifunika, ungepita."

Desturi ya kukohoa nani asiyeijua kwetu? Ila nilipomwona mama yake pale njiani, nilifurahi kupata sababu ya kuendelea kusoma, na hilo sikuweza kumwambia. Kabula akaolewa huko Malampaka. Tangu hapo nikialikwa kwa watu naingia mikono mitupu, nakaa nilipokalishwa, na habari za mvua nazisikiliza mpaka mwisho.