Tundu la Baba

Mimi kukaa chini ni kazi. Hata leo chai nainywa nimesimama. Sasa fikiria yale mafunzo ya Mbeya, miaka ya sabini: watafiti wachanga tumefungiwa kwenye ukumbi wa baridi, makoti mwilini, tunatoboa kadi za kompyuta ambayo yenyewe iko Dar. Kadi zinapanda basi, majibu yanarudi baada ya majuma. Kule kungoja kulitaka kunitia wazimu.

Mwalimu wetu, kijana wa Tanga aliyesomea Ulaya, alitaka tujifunzie kwenye kaya zetu wenyewe kabla hatujaenda Usangu kuhoji wafugaji. Kila jibu lilikuwa na tundu lake. Baba yu hai, toboa moja. Amefariki, toboa mbili. Kompyuta ingetupanga makundi, nasi tutazame kaya zipi zinafanana na kwa nini.

Nikatoboa moja. Mwalimu akaikagua kadi, akakunja uso.

"Si ulisema baba yako alifariki ukiwa mdogo?"

"Yule alifariki. Huyu yupo Iringa, analima viazi."

"Huyo ni ami yako."

Ami! Kwetu Uhehe neno hilo hatuna. Mdogo wa baba ni baba, basi. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipougua surua. Nikamweleza mwalimu, nikarudia, sauti inapanda. Akasema kompyuta haijui baba wawili, akachukua kadi mpya, akatoboa mbili kwa mkono wake. Nilikasirika kwelikweli. Kumwandika mtu aliye hai kuwa marehemu ni kumchulia. Nikaomba Mungu yasimfikie.

Majibu yaliporudi, karatasi ndefu ikabandikwa ukutani: kijiji cha kila mmoja wetu, na pembeni kundi lake. Kwangu paliandikwa YATIMA. Wenzangu wakanitania, "Pole, yatima." Nikacheka nao, ndani nawaka.

Juma hilohilo baba akatokea. Alikuwa anakwenda Mbalizi kutafuta mbegu, akaona anipitie na kiroba cha viazi. Nikaikumbuka ile karatasi ukutani. Maana baba alijifunza kusoma ukubwani, darasa la watu wazima, na tangu hapo hakuna maandishi yaliyompita salama. Bango, gunia, kiberiti, vyote alivisoma kwa sauti, silabi mojamoja. Nikamshika mkono nimtoe nje.

"Twende ukaote jua, baba."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nimeona kijiji chetu."

Akakisoma, anatabasamu. Kidole kikasogea pembeni.

"Ya. Ti. Ma."

Akavua kofia, akamgeukia mwalimu kwa adabu kabisa.

"Samahani, mwalimu. Mimi nimekufa lini?"

Mwalimu akanisogezea kadi tupu. Nikavuta kiti, nikakaa, nikatulia, nikatoboa moja. Baba akaipokea ile kadi, akaiinua dirishani, akafumba jicho moja na kuchungulia kwenye kitundu.

"Ndipo hapa nilipo?"

"Ndipo hapo, baba."