Ng'ombe Tisa wa Ngigi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Soipan Lemein anapokea kikombe cha plastiki kwa mikono miwili. Anapuliza, anakunywa, anakunja uso.

"Ngigi, sukari umeweka mingi!"

Kikombe hakina kitu. Ngigi, mwenye miaka miwili na miezi minne, anakichukua na kwenda kupunguza sukari kwenye ndoo, ambayo pia haina kitu. Mwandishi naye anapewa chake, na hathubutu kukataa.

Soipan, 43, ni mlezi wa watoto mjini Kitengela. Kwa miaka kumi na mmoja amewalea watoto wa akina mama wanaowahi kazini. Leo ana kumi na wanne, chumba kimoja chenye mkeka na kiwanja cha hatua nane. Watoto wote humwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa, hata wale ambao kwao ni Murang'a kwa Wakikuyu.

Amewatazama wengi hadi haulizi umri. Wa mwaka mmoja hujifanya anakunywa, ila ni yeye peke yake. "Akifika mwaka na nusu anaanza kunywesha mwanasesere," anasema. "Hapo unajua ameona mwingine pia anaweza kusikia kiu." Akikaribia miaka miwili, gunzi la mahindi linakuwa simu. Wakifika mitatu ni kalongo kutwa nzima: huyu mama, huyu baba, na ugomvi wa nani atakuwa daktari.

Lakini si kila mzazi anaona hayo. Mwezi uliopita Mugure, mama yake Ngigi, alisema atamhamisha mtoto. Ngigi alikuwa bado anasema neno mojamoja, na kituo jirani kina daftari na sare.

"Aliniambia mtoto wake anarudi nyumbani na vumbi tu," anakumbuka Soipan, na hafichi kwamba ilimuuma. "Watatu walikuwa wameshatoka. Akienda wa nne, kodi ingenishinda. Ningefunga."

Jumapili ya mwisho wa mwezi, Mugure alikuwa akifua. Akakuta mawe tisa kwenye mfuko wa suruali ya Ngigi, akayatupa kwenye rundo la kokoto la jirani anayejenga. Nani mwenye beseni la nguo angefanya tofauti? Mtoto alilia hadi akalala. Asubuhi alifika kwa Yeyo bado analia.

"Nilimwambia, Mama Ngigi, umetupa ng'ombe za watu!" anasema Soipan akicheka.

Kwao Kisaju watoto hujenga boma la vijiti na kuchunga mawe, na ndio mchezo aliowafunza watoto wa Kitengela. Soipan akamwachia mpwa wake watoto wengine, wakaenda kwenye kokoto yeye, Mugure na Ngigi.

Mugure, ambaye huuza mboga na sukuma wiki yake ilikuwa inamngoja sokoni, aliokota mawe tisa ya haraka. Ngigi akayakataa yote. Akainama, akachagua mwenyewe: jeupe, lenye doa, lililovunjika ncha. Yalipofika manane akasimama, akaanza kulia upya.

"Baba yangu hakuwahi kuhesabu ng'ombe," anasema Soipan. "Anaziangalia zikiingia, anajua gani haiko. Na huyu mtoto wa Kikuyu akafanya hivyo hivyo."

Kisha Ngigi akasema, "Ng'ombe ya mama."

"Sikuwa nimewahi kumsikia akiunganisha maneno," anasema Mugure. "Na kumbe moja alikuwa amenipatia mimi, na nimeitupa." Alipiga magoti kwenye kokoto na gauni lake la soko. Walilipata, jiwe jekundu, karibu saa tatu. Habari za kuhama hazikutajwa tena.

Soipan anatafuta nyumba Kisaju yenye uwanja wa udongo, na anataka wazazi waje Jumamosi moja kila mwezi, wakae chini wacheze. "Mtu mzima akipewa kikombe tupu anasema asante, anaweka chini," anasema. "Mtoto anaona hujakunywa."

Saa kumi na moja jioni Mugure anaingia, akinukia majani ya dania. Anatia mkono kwenye mfuko wa aproni na kutoa jiwe jekundu ambalo limeshinda naye sokoni.

"Imekula majani ya kabeji," anamwambia mwanawe. "Imeshiba."

Ngigi analigeuza, analikagua tumbo. Anaridhika, analiingiza bomani na wenzake, kisha anafunga lango kwa kijiti.