Pakiti Mbili za Mama Mkwe

Kazini nilikuwa mnoko, sikatai. Kwenye kiwanda chetu kidogo cha sambusa za kugandishwa, chini ya ghorofa moja hapo Mchafukoge, kazi yangu ilikuwa daftari. Nyama imetoka machinjio gani, kachinja nani, imesagwa lini, imeingia kwenye sambusa zipi, na pakiti zake kachukua nani. Kila mzigo una namba yake. Hata bosi akibeba pakiti kwenda nayo kwake, namsimamisha mlangoni.

"We dada, kiwanda si changu?"

"Chako, bosi. Ila saini."

Bila hivyo cheti cha halali tungekisikia kwa wenzetu tu, na maduka makubwa yalishatuambia bila cheti tusije.

Nyumbani sasa, mnoko yule humwoni. Mama mkwe wangu anakaa Kigamboni na kwa mapishi ana jina lake. Miaka sita ya ndoa, hakuna nilichompikia akakisifu. Biriani yangu aliiita ubwabwa uliopata ajali, tena mbele ya wageni! Basi Jumapili moja nikachoka kusemwa. Nilikuwa nimenunua pakiti mbili pale pale kiwandani, nikasaini kama mtu mwingine yeyote. Pakiti moja nikaikaanga nikaitia kwenye hotpoti, ya pili nikaitoa kwenye mfuko wake nikaipanga mbichi kwenye bakuli, huyoo, pantoni ya Magogoni.

Mama akauma moja. Akatafuna taratibu, ananiangalia. Akauma tena.

"Leo umepika, mwanangu."

Wallahi nilitaka kulia. Ukweli ulinifika kooni, nikaushushia na chai. Akaniambia zilizobaki nimwachie, na zile mbichi atazitia kwenye friji.

Wiki ile ile mkaguzi wa cheti akaja, ustadhi mmoja mpole, kofia ya kushonwa kwa mkono na koti jeupe juu ya kanzu. Akapekua daftari langu, akachagua namba moja ya mzigo.

"Tufanye jaribio," akasema. "Chukulieni nyama ya mzigo huu imegundulika haikuchinjwa kisheria. Nionyesheni kila pakiti iko wapi. Ikipotea hata moja, cheti hakuna."

Bosi jasho likaanza kumtoka. Mimi nikatanua kifua, maana hapo ndipo penyewe. Tukayapigia maduka ya Kariakoo moja baada ya jingine, yote yakajibu: hizi zipo, hizi nimemuuzia fulani. Ustadhi anatia vema tu. Zikabaki pakiti mbili. Kidole chake kikashuka kwenye ukurasa, kikasimama kwenye saini.

"Dada, hii si yako?"

"Ni yangu. Nilimpelekea mama mkwe."

"Mpigie, weka spika. Na usimwambie ni jaribio mpaka ajibu. Ndiyo utaratibu."

Jamani! Nikamtazama bosi labda atanitetea, naye kainua viganja kama anaomba dua. Kina mama wakunjaji wote wameacha manda mezani, wananitazama mimi. Riziki yao ile. Nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama... zile sambusa sikupika mimi. Ni za kiwandani kwetu. Sasa mkaguzi yuko hapa, anaulizia nyama yake kama ilichinjwa kihalali. Ziko wapi?"

Ukatoka ukelele, ustadhi akashika kofia yake.

"Astaghafirullah! Nimekwisha mie! Nimewalisha darsa zima! Na nikawaambia nimekunja kwa mikono yangu!"

Kiwanda kizima kilisikia. Bosi akageukia ukutani, mabega yanamcheza. Kina mama wale wakajiziba midomo kwa mitandio. Ustadhi alijikaza, alijikaza, mwishowe akashindwa.

"Mama, jaribio tu!" nikapiga kelele. "Nyama ni halali! Mkaguzi mwenyewe huyu hapa!"

Ustadhi akainamia simu akamtoa wasiwasi. Kisha akaandika kwenye fomu yake: pakiti mbili, zimeliwa, darsa la kina mama, Kigamboni. Cheti tukakipata.

Wenzangu walishangilia, mimi nikawaza nitaweka wapi uso wangu. Siku mbili sikupokea simu ya mtu. Siku ya tatu nikaona nijipeleke mwenyewe, nikatukanwe yaishe.

Nilimkuta jikoni kwenye mkeka, manda mbele yake, na bakuli la nyama. Hakuna sambusa hata moja iliyokunjwa.

"Mwongo wewe," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Kaa hapa."

Nikakaa. Akaninyooshea mikono. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba, vingine vimepinda, na mimi miaka yote nampa mkono siviangalii.

"Mwaka wa pili huu, havikunji tena. Sijamwambia mtu, hata mumeo. Darsani wananisubiri mimi na sambusa zangu. Ulipoleta zile nikasema Mungu kaniona." Akairudisha mikono mapajani. "Watanionaje mimi, mwanangu, vidole havikunji?"

Roho iliniuma. Nikaishika ile mikono yote miwili.

"Mama," nikamwambia, "vyangu havijawahi kukunja hata sambusa moja."