Safari ya Kutafuta Ukurasa

Niliacha shule darasa la sita na sijawahi kukaa mji mmoja mwaka mzima. Ila kuna makala moja ninayoitunza kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ya meli iliyofungwa mizinga kwenye ziwa letu wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Niliandika kwamba ilikuwa na mizinga miwili, nikataja kitabu nilichokisoma zamani parokiani Muleba. Mhariri mwenzangu nisiyemjua akaniandikia: "Ukurasa wa ngapi? Usipouonyesha, naiondoa sentensi yako."

Nikapanda basi kutoka Bukoba. Mzee anayetunza vitabu vya parokia alishangaa.

"Mawe, mama yangu! Nauli yote hiyo kwa namba ya ukurasa?"

"Namba tu, baba."

"Si ungenipigia simu nikusomee?"

"Halafu niseme nimeona mwenyewe?"

Akacheka, akanipa kitabu. Ukurasa niliupata, na mzinga ulikuwa mmoja. Wa pili niliuongeza mwenyewe, nadhani kwa kuipenda mno ile meli.

Nikasahihisha palepale kwenye simu, nikaweka na ukurasa. Sentensi ipo hadi leo, ina mzinga mmoja, na yeyote anaweza kwenda Muleba kuihakiki.